Zawadi ndogo za kujaza soksi ya Krismasi, mtoto yuko Uingereza, nafasi ni kilo mbili tu. Niweke nini?

Mama Ipagala

Wakuu, mbukwenyi! Poleni na majukumu.

Binti yangu ni muuguzi, yuko Manchester. Krismasi hii amealikwa kwa wazazi wa rafiki yake wa kazini, kijijini, mbali kidogo na mji. Nyumba ile ina utaratibu wake: usiku wa tarehe 24 kila mtu, mtoto kwa mzee, anatundikiwa soksi kubwa, na asubuhi ya 25 anaikuta imejaa vitu vidogo vidogo. Sasa mama mwenye nyumba kamwambia binti, soksi yako ajaze mama yako mzazi, ili na wewe ufungue kitu cha kwenu. Nimempenda huyo mama kabla sijamwona.

Kijana wa jirani yetu anayefanya kazi huko huko alikuja kwenye harusi ya dada yake, anarudi mwanzoni mwa Desemba. Amenipa nafasi ya kilo mbili kwenye begi lake. Kilo mbili jamani! Mimi nilishaweka pembeni mchele kilo tano, samli ya mama mkwe kutoka Mpwapwa, karanga mbichi na chupa mbili za mvinyo wa hapa kwetu Dodoma. Mume wangu anacheka tu.

Mtoto ana miaka 27, si wa kupelekewa pipi na vikaragosi. Nisaidieni: vitu vidogo, vyepesi, visivyovunjika, na vitakavyomfurahisha mtu mzima.

Kaka Poa

Mtumie hela tu mama, yaishe.

Mama Ipagala

Hela za wapi baba? Yeye ndiye anayetutumia sisi. 😂

Mtu wa Leeds

Shikamoo mama. Mimi niko Leeds, si mbali na Manchester, ngoja nikueleze hali ya huku.

Kwanza, mchele urudishe stoo. Huku maduka ya Wahindi na Wapakistani yamejaa mchele wa kila aina, dengu, maharage, bamia za kugandishwa, hata unga mweupe wa ugali unapatikana. Kumbebesha kijana wa watu mchele mpaka Manchester ni kumwonea.

Pili, kuna jambo wazazi wengi wa nyumbani hawalijui. Tarehe 25 Desemba huku treni hazitembei kabisa, na basi ni la kutafuta kwa tochi. Anayekwenda kula sikukuu kwa watu anaondoka tarehe 24 au kabla, treni imeshona, watu wamesimama mpaka mlangoni. Kwa hiyo mzigo wako utasafiri mara mbili: Dodoma mpaka Manchester kwenye begi la kijana, halafu Manchester mpaka hicho kijiji mgongoni kwa binti yako. Kisha arudi nao. Chochote cha kuvunjika, kumwagika au kunuka kitamtesa yeye.

Tatu, vyumba vyetu ni vidogo. Mzee wangu alinitumia twiga wa mpingo mrefu kuliko meza yangu. Twiga namheshimu, lakini kila nikihama nyumba nahama naye. Kinachonoga ni kitu unachokila kikaisha, unachokivaa, au kinacholala bapa kwenye droo.

Nikikuorodheshea ninavyovimezea mate mimi: ubuyu, kashata za karanga, chai ya viungo, na bizari ya pilau iliyosagwa nyumbani. Ya dukani huku ina majina mazuri lakini pilau linatoka la mtu mwingine.

Fundi wa Makole

Mnataja vya kuweka ndani tu, soksi yenyewe iko wapi?

Mama, nyumbani hukosi vipande vya kitenge vilivyobaki. Kunja kipande mara mbili, upande wa maua ukiwa ndani, chora mguu. Kutoka mdomoni mpaka kisigino weka sentimita 35, kutoka kisigino mpaka ncha ya vidole weka 22, na upana uwe wa kuingiza mkono wako wote na kuutoa bila kukwama. Acha sentimita moja na nusu ya mshono pande zote. Pale mbele panapopinda, kwenye kifundo, kata vichanjo vidogo vya mkasi karibu na mshono lakini usiuguse, ndipo uigeuze. Ukiruka hapo soksi itakunjamana na hutajua kwa nini. Ndani tia bitana ya pamba nyepesi. Kitanzi kishone mara mbili tatu, kitabeba mzigo usiku kucha.

Ukimaliza, hiyo soksi ndiyo kipimo chako. Kisichoingia hakiendi. Utaacha kugombana na mizani.

Mama Ipagala

Fundi umenimaliza! Kisichoingia hakiendi, hapo hapo nimesimama. Mume wangu naye amekubali, ila ameuliza kama chupa moja ya mvinyo itaingia.

Mgogo wa Bahi

Mwambie shemeji chupa moja ya mvinyo pamoja na kioo chake ni kama kilo na robo. Hapo zaidi ya nusu ya nafasi imekwisha, kwa kitu ambacho Waingereza wanakikuta kila kona. Zabibu zetu nazipenda kuliko mtu yeyote humu, lakini mvinyo wa Dodoma mtoto ataunywa akija likizo.

Mzee wa Mizigo

Kazi ya kutoa na kupeleka mizigo nimeifanya Dar miaka mingi kabla sijahamia Nzuguni, nisikilizeni kabla hamjamtia kijana wa watu matatani.

Samli HAIENDI. Uingereza hairuhusu abiria anayetoka nchi zetu kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa, na samli ni maziwa. Hata kijiko kimoja, hata ya mama mkwe. Nyama kavu ni hivyo hivyo. Asali inaruhusiwa mpaka kilo mbili kwa mtu. Samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hiyo kisheria dagaa wanapita, ila mkimwekea dagaa kwenye soksi ya sikukuu mtanisamehe, nyumba nzima itajua Krismasi imefika. Karanga mbichi ziache, mkaangie. Matunda na mboga mbichi achana nazo, zina mambo ya vyeti vya afya ya mimea.

Asali isiwekwe begi la mkononi. Pale uwanja wa ndege wa Dar na uwanja wa kubadilishia ndege, kimiminika cha mkononi mwisho ni chupa ya mililita 100, na asali wanaihesabu kimiminika. Siagi ya karanga pia. Weka begi kubwa, mfuniko uzungushie selotepu, chupa iingie kwenye mfuko wa zipu, halafu isokomezwe katikati ya nguo.

Sasa jambo kubwa zaidi: UNGA. Unga wa ubuyu ni mweupe. Mlenda mkavu ni unga wa kijani. Chukua unga mweupe, uufunge kwenye nailoni isiyo na maandishi, uuzungushie gundi, umpe kijana wa watu apite nao kwa mbwa wa forodha. Umeshaona picha? Ubuyu wenyewe hauna kosa, Ulaya waliuidhinisha kuwa chakula tangu mwaka 2008 wakati Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, na huko unauzwa ghali kwenye maduka ya vyakula vya afya. Tatizo ni ufungaji. Nunua uliofungwa kiwandani, wenye jina, alama ya TBS (Shirika la Viwango) na tarehe ya mwisho ya matumizi. Hizo pakiti zipo madukani tele.

La mwisho. Usifunge zawadi kwa karatasi ya maua. Ikihitajika kukaguliwa itachanwa. Mwekee kijana kila kitu wazi, mpitishe kimoja kimoja akione kwa macho yake, akubali au akatae. Akiulizwa begi umefunga mwenyewe, ajibu bila kumeza mate.

Mama Ipagala

Mzee shikamoo, nimekusoma mara mbili. Kijana ataona kila kitu hapa sebuleni. Sasa samli nitamwambiaje mama mkwe?

Kaka Poa

Mwambie imefika.

Dada wa Kondoa

Kaka Poa utatuletea kesi za ukweni.

Mama, mbona hakuna aliyetaja nywele? Binti wa miaka 27, Manchester, baridi la Desemba, kofia ya sufu kutwa kichwani. Mwekee rasta! Pakiti mbili tu za rangi anayosukia siku zote (mchunguze kwenye picha zake), uzi wa kusukia, na kofia ya kulalia ya satini. Vyote vyepesi, vinajikunja, havimwagiki, hakuna forodha ya kuuliza. Kusuka huko ni bei mbaya, na ukienda na rasta zako mwenyewe walau umepunguza kidogo. Mdogo wangu aliyeko Uholanzi ananiambia nisimletee kitu kingine chochote.

Ongeza kikopo kidogo cha mafuta ya nazi ya ngozi. Kule vyumba vinapashwa moto usiku na mchana, ngozi inapauka mpaka unajikuna. Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi 24 yanaganda, akifika nayo chumbani yatakuwa ya mgando, ila njiani ni maji, kwa hiyo masharti ya asali yanayahusu.

Mgogo wa Bahi

Nakazia hapo, kisha naomba nitetee mlenda, maana Mzee ameutaja kwa mashaka.

Mlenda mkavu ndicho kitu chenye maana kubwa kwa uzito mdogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Majani yanachumwa masika, yanaanikwa, yanatwangwa, yanachekechwa, na unga wake unakaa mpaka kiangazi kiishe. Gramu mia moja zinapika mara nyingi: maji yakichemka unanyunyizia vijiko viwili huku unakoroga, unatia karanga zilizosagwa na chumvi, basi. Kwa mtu wa zamu, karudi usiku, anasonga ugali kidogo wa mtu mmoja, mboga iko tayari kabla ugali haujaiva. Hahitaji friji, hahitaji kwenda dukani.

Usimwekee ule uliotwangwa jana bado una unyevu, utavunda safarini. Uanike tena juani siku nzima, uuchekeche kwa chujio la chai utoe vijiti, ndipo uupaki kwenye mfuko mdogo wa zipu. Halafu fanya alivyosema Mzee, lebo. Chapisha karatasi ndogo kwa Kiingereza kwamba ni mboga ya majani makavu ya kupika, imetoka Tanzania, ibandike vizuri. Wapo pia akina mama wajasiriamali wanaoufunga vizuri wenye lebo tayari, ulizia Majengo sokoni au kwenye mabanda ya Nanenane msimu wake.

Mzee wa Mizigo

Kijana wa Bahi, mlenda wenye lebo sina ugomvi nao. Akisimamishwa auonyeshe yeye mwenyewe, asingoje kuulizwa.

Bibi Kizota

Wanangu nawasoma. Khanga mmeisahau.

Doti nzima ya nini? Ukate upande mmoja, ufue utoe ile dawa ya kiwandani, upige pasi, uukunje mwembamba, uuviringe. Unaingia kwenye ncha ya soksi, pale ambapo vitu vingine havifiki. Ugenini khanga ni taulo, ni mtandio, ni shuka kwenye treni, ni vazi la kutokea bafuni kwenye nyumba ya watu wasiokuzoea. Lakini soma jina lake kabla hujalipa! Usimpelekee mafumbo ya kugombana na jirani. Na ukimchagulia "Nani kama Mama" utakuwa unajisifia mwenyewe.

Mama Ipagala

Bibi shikamoo, hapo umenikamata, ndiyo niliyokuwa nayo mkononi. 😂

Baba Chamwino

Mimi wa kwangu yuko Kanada. Vyote mlivyotaja vizuri, lakini mwiko je?

Vijana wetu huko wanasonga ugali kwa vijiko vya mbao vyembamba vya kukorogea mchuzi, vinavunjika shingo. Nenda sokoni chukua mwiko mfupi, wa sufuria ndogo, usichukue wa kusongea ugali wa msiba. Angalia mbao iwe kavu, imepigwa msasa, haina ganda la mti wala vitundu vya wadudu, maana mbao yenye wadudu ndiyo inayoleta maneno mipakani. Upake mafuta ya alizeti, uuache ulale, uufute. Uende begi kubwa.

Kaka Poa

Kanuni ya Fundi: kisichoingia hakiendi. Mwiko hauingii.

Fundi wa Makole

Mpini ukichungulia nje naruhusu. Tena unapendeza.

Mwanafunzi Ujerumani

Nachomekea kidogo. Hapa Ujerumani mambo yanaanza mapema: usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolausi, watu wanaacha kiatu au buti mlangoni, asubuhi wanakuta karanga, machungwa na chokoleti. Zawadi kubwa zinafunguliwa jioni ya tarehe 24. Kwa hiyo wenye watoto huku wahesabu tarehe vizuri, mzigo ukiingia tarehe 20 buti lilishapita. Zaidi ya hapo ni hayo hayo, nyama na maziwa marufuku. Pawabenki pia inafaa kwa mtu anayesafiri, ya mAh 20,000 iko karibu Wh 74 (kipimo cha nishati ya betri), haijavuka Wh 100 zinazoruhusiwa, lakini ni LAZIMA iwe begi la mkononi.

Mama Ipagala

Asante mwanangu. Maswali mawili yamebaki. Yule mama mwenyeji naye nimpelekee nini, maana mwanangu hawezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu? Na kama ningetuma kwa posta ingekuwaje, kuna shoga yangu anauliza.

Mtu wa Leeds

Mwenyeji: kopo dogo la kahawa yetu, na vitandikio vya vikombe vya ukili, vinne au sita, vimefungwa kwa utepe wa kitenge. Vinalala bapa. Waingereza na vitandikio vya vikombe hawatenganishwi, weka kikombe chako mezani bila hicho uone utakavyotazamwa. Akina mama wa Singida wanasuka vizuri sana, mtu akipita huko mwagize.

Mzee wa Mizigo

Posta ipo, EMS (huduma yao ya haraka) inafika. Utajaza fomu ya forodha, uandike kila kilichomo, thamani yake, na kwamba ni zawadi. Kwa Uingereza zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi. Ikizidi, anayepokea ndiye anaitwa alipe ndipo apewe, na hapo zawadi imegeuka deni. Ila usiandike uongo ili ishuke. Na shoga yako aanze Novemba, Desemba kila mtu ana mzigo.

Dada wa Kondoa

Mama usisahau kusafisha picha moja ndogo studio, ya nyie wote. Za kwenye simu hazibandikwi ukutani.

Mama Ipagala

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Soksi imeshonwa, kitenge cha bluu na njano kilichobaki kwenye sare ya kipaimara cha huyo huyo binti. Kwenye ncha nimeviringa upande wa khanga (Bibi, nimebadilisha jina). Juu yake ubuyu wa pakiti gramu 250, mlenda wa lebo, bizari ya pilau niliyosaga mwenyewe nikaitia kwenye kopo lenye maandishi, kashata, chai ya viungo. Asali ya nyuki wadogo kutoka Manyoni, chupa ndogo, iko nje ya soksi ndani ya mifuko ya zipu miwili, kijana ataichomeka kwenye nguo zake. Rasta pakiti mbili, dada wa Kondoa asante, nilipomchokoza binti kwenye simu nimletee nini alisema "rasta" kabla sijamaliza swali. Picha. Mwiko mpini nje. Kahawa na vitandikio vya mwenyeji viko pembeni.

Nimepima kwa Mangi: kilo moja na gramu 700, pamoja na soksi. Baba watoto ameziona zile gramu 300 macho yakamtoka, nikamwambia hazitoshi chupa. Nimempa kijana kashata zake.

Kijana ameona kimoja kimoja, amekubali vyote. Anashuka Dar na treni ya SGR kesho jioni.

Kaka Poa

Na samli?

Mama Ipagala

Tumepikia pilau Jumapili. Mama mkwe mwenyewe alikuwepo, amesema ni samli nzuri.

Mama wa Kikuyu

Nimechelewa uzi lakini nimeusoma wote. Wangu yuko Australia, naweza kufuata orodha hii hii? Na Fundi, soksi unashona kwa oda?

Mzee wa Mizigo

Australia ni habari nyingine, wanabana kuliko wote. Kila chakula, kila mbao, kila kitu cha ukili au mmea kinatangazwa kwenye kadi ya abiria anapoingia. Ukitangaza na wakakikataa, kinachukuliwa, basi. Usipotangaza unapigwa faini. Ningekuwa wewe ningeacha asali, mlenda, mwiko na vitandikio, nibaki na khanga, rasta, picha na chai iliyofungwa kiwandani, na hiyo chai aitangaze.

Fundi wa Makole

Nashona dada. Njoo inbox, uje na kitenge chako, na uniambie wa kwako ni wa kike au wa kiume, maana wa kiume huwa nawaongezea upana.